Shimo Kwanza, Jina Baadaye

Hotuba hii niliitoa Mbale, mbele ya maafisa ugani na viongozi wa wakulima wa pande zote mbili za Mlima Elgon. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha; maneno ni yale yale.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu mliotoka Sironko, Kapchorwa na Bududa, ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Bungoma na Trans Nzoia, mabwana shamba na mabibi shamba, na nyinyi vijana wa vyuo: itifaki yote imezingatiwa. Hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuuelezea udongo na kuupa jina. Mfano niliouchagua ni wa mbali: udongo wa loesi, yaani vumbi laini lililobebwa na upepo likarundikana juu ya vilima. Najua wengine mnajiuliza moyoni, huyu anatuletea udongo wa Marekani wa nini, na sisi tumekuja hapa na udongo wa Elgon kwenye viatu? Swali hilo ni la haki, na nitalijibu sasa hivi.

Ukichimba shimo hapa kwetu ukakuta tabaka tatu za rangi tatu, huwezi kujua papo hapo kilichozitofautisha. Pengine ni miamba tofauti. Pengine mvua ilishusha udongo kutoka juu ukaufunika wa zamani. Pengine ni kazi ya maji na mizizi tu. Sababu zimechanganyika. Lakini katika loesi nene, kilichotua chini na kilichotua juu ni kitu kile kile. Kwa hiyo tofauti nyingi unazoziona kwenye ukuta wa shimo zimezaliwa baadaye, palepale: ni kazi ya mvua, ya mizizi, ya mteremko, ya miaka. Ndiyo maana nataka tujifunze kusoma mahali penye maandishi mepesi, kisha turudi kwetu penye maandishi magumu.

Neno langu leo ni moja: shimo kwanza, jina baadaye.

Vumbi lile lilitoka wapi? Zamani barafu nene ilifunika Kanada na sehemu ya kaskazini ya Marekani. Barafu ile ilisaga miamba. Maji ya kuyeyuka kwake yalishuka na unga wa miamba kupitia mito mikubwa, mto Mississippi ukiwemo. Maji yakipungua, tope lilibaki wazi kwenye bonde, likakauka, upepo ukalinyanyua na kulitupa juu ya vilima, hasa upande wa mashariki kwa kuwa upepo ulitoka magharibi. Tabaka kubwa la mwisho lilitua kati ya miaka kama 25,000 na 12,000 iliyopita. Huko Iowa kuna vilima ambavyo loesi yake inazidi mita 60. China iko nene zaidi, mahali pengine mamia ya mita. Chembe zake nyingi ni silti: ndogo kuliko mchanga, kubwa kuliko mfinyanzi, kati ya milimita 0.002 na 0.05 kwa kipimo cha Wamarekani.

Tumejuaje kuwa ni upepo, si mafuriko? Hapa nataka niwape habari ya mtu mmoja. Mwaka 1942 mtaalamu wa Illinois aliyeitwa Guy Smith alichapisha utafiti wa loesi ya jimbo lile. Alipima unene wake kuanzia ukingo wa bonde la mto, akaendelea kupima akienda mbali nao. Akakuta kwamba loesi ni nene karibu na mto, inapungua upesi mwanzoni, halafu inapungua polepole kadiri unavyokwenda mbali. Chembe nazo zinazidi kuwa ndogo. Upepo unapochoka, unaangusha vizito kwanza. Mafuriko hayapandi juu ya mgongo wa kilima yakaacha mpangilio wa namna ile.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Mtu huyo huyo, miaka ya baadaye, ndiye aliyeongoza kazi ya kutunga mfumo mpya wa Marekani wa kuainisha udongo. Rasimu yake maarufu ilitoka mwaka 1960, na mfumo kamili ukachapishwa mwaka 1975. Mnaona? Aliyepanga majina ya udongo, ambayo leo yanatumika nchi nyingi, alianza kwa kupima na kuchimba. Shimo kwanza, jina baadaye.

Basi tuingie shimoni.

Tuko juu ya kilima cha loesi katika jimbo la Mississippi, mahali palipoinuka, maji hayasimami. Mwenye shamba tumemwomba ruhusa, na hili msilirukie hata kama mna barua ya wilaya. Tumechimba urefu wa mtu, tukaweka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine, ili tukifukia kila mmoja urudi mahali pake. Upande tutakaousoma hatukuukanyaga kabisa, na unaelekea jua. Tumeukwangua kwa kisu kutoka juu kwenda chini ili alama za jembe zitoke.

Tunaona nini? Juu, kiasi cha sentimita 15 hadi 20, udongo wa kahawia, laini, wenye punje ndogondogo na mizizi mingi. Chini yake rangi inakolea na kuelekea wekundu kidogo. Udongo unavunjika kwa vipande vyenye pembe butu. Chukua kipande kimoja, kiangalie kwa lenzi ya mkononi dhidi ya mwanga: nyuso zake zinang'aa, kuna utando mwembamba. Huo ni mfinyanzi ulioshuka na maji kutoka tabaka la juu ukajipaka kwenye nyufa na njia za mizizi. Teremka tena, mita moja na zaidi. Utando unapungua, vipande vinatoweka, na mwisho unafika kwenye loesi yenyewe, isiyo na umbo lolote, ilivyotua. Palipo na chokaa, ukidondosha asidi nyepesi kule chini, inatoa povu. Juu haitoi, kwa sababu mvua ya maelfu ya miaka imekwisha kuishusha chokaa.

Kila tabaka tunaliandikia mambo yale yale, bila kuruka: linaanzia wapi na kuishia wapi, rangi, umbile la chembe, namna linavyovunjika, ugumu wake likiwa bichi na likiwa kavu, mizizi, matundu, madoa, na mpaka wake na tabaka linalofuata. Rangi tunaisoma kwa kitabu cha Munsell, yaani kitabu cha vipande vya rangi vya kulinganishia, udongo ukiwa mbichi, jua likiwa nyuma yetu. Jioni rangi hudanganya, na miwani ya jua hudanganya. Shimo lile la Mississippi litasoma ukurasa wa 10YR juu na wa 7.5YR katikati. Hapa Mbale wengi wenu mtafungua kurasa za 5YR na 2.5YR, kwenye wekundu zaidi.

Umbile la chembe ndilo linalowashinda wengi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Lowesha udongo kiganjani, ukande mpaka usinate wala usivunjike, kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni mchache. Ukifika 2.5 hadi 5, upo wa kutosha. Ukipita 5, huo ni mfinyanzi. Halafu lowesha sana kidogo kingine na ukisugue kiganjani. Mchanga utaukwaruza mkono. Silti ni laini kama unga wa ngano, haikwaruzi wala hainati. Loesi ya kilimani ndivyo ilivyo.

Sasa, ndugu zangu, hapa ndipo pana mtego wa kwetu. Udongo wetu mwekundu wa zamani una madini mengi ya chuma. Chuma kile hushika mfinyanzi na kuufunga katika vijipunje vigumu, vidogo sana. Ukiulowesha na kuukanda nusu dakika, unausikia laini, hainati, na utepe unakatika mapema. Unaandika: silti. Endelea kukanda! Kanda dakika kadhaa, ongeza maji, kanda tena. Vijipunje vinavunjika, udongo unaanza kunata, na utepe unarefuka. Ulikuwa mfinyanzi tangu mwanzo. Nimesimama na kijana mmoja wa chuo juu ya mteremko wa Sironko, amekanda mpaka jasho linamtiririka, utepe wake ukirefuka mbele ya macho yake. Akaniambia, "Mwalimu, udongo huu ulikuwa unajificha." Nikamwambia andika hivyo hivyo: umbile baada ya kukanda muda mfupi, na umbile baada ya kukanda muda mrefu. Yote mawili ni habari. La kwanza linaeleza jinsi maji yatakavyopita shambani, la pili linaeleza udongo umetengenezwa na nini.

Na kuna wa pili anayefanana na loesi bila kuwa loesi. Nendeni Kisoro, chini ya Muhabura, au maeneo ya Fort Portal. Huko kuna udongo uliotokana na majivu ya volkano. Nao ulipitia hewani. Nao ni laini mkononi. Je, tuuite loesi? Hapana. Chukua bonge lake, ni jepesi kuliko unavyotarajia. Likamue, linateleza na kutoa maji. Weka kidogo kwenye maji ya sodiamu floraidi juu ya karatasi yenye fenoltalini, dawa ya kupimia inayobadili rangi: karatasi inageuka nyekundu, kwa sababu ya alumini iliyo hai katika udongo wa majivu. Kwa mkulima wa viazi tofauti hiyo ni pesa. Udongo wa majivu huikamata fosforasi ya mbolea na kuinyima mizizi. Loesi haina tabia hiyo kwa kiasi kile. Ushauri wa mbolea wa mmoja hauwezi kuwa wa mwingine, hata kama mkono uliona ulaini ule ule.

Turudi Mississippi kwa jambo moja zaidi, kwa sababu lina deni la kwetu.

Udongo wa shimo lile la kilimani, Wamarekani wanauita Memphis. Shuka kidogo mteremkoni, mahali palipo bapa kidogo, uchimbe tena. Loesi ni ile ile. Lakini kwenye kina cha sentimita 60 hadi 90 unakutana na tabaka gumu la ajabu: likiwa bichi, ukilibana kati ya vidole halinyambuki, linapasuka ghafla. Mizizi ikifika hapo inalala ubavu na kutafuta nyufa. Maji yanasimama juu yake wakati wa mvua. Hapo jina linakuwa Loring, na ukiendelea linakuwa Grenada. Shuka tena, madoa ya kijivu yanapanda karibu na uso, na jina ni Calloway. Fika kwenye kibonde bapa, udongo ni wa kijivu karibu wote: Henry. Majina matano, kilima kimoja, vumbi moja. Kilichobadilika ni maji tu, na mahali ulipo kwenye mteremko.

Wazo hili la kusoma udongo kwa kufuata mteremko, kutoka juu mpaka bondeni, kama familia moja, wazo hili lilipata jina lake la katena wapi? Si Mississippi. Ni hapa Afrika Mashariki! Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi Amani, Tanganyika, ndiye aliyelipendekeza, alipokuwa akiandaa ramani ya udongo wa nchi zetu, Uganda ikiwemo. Mwaka 1959 Radwanski na Ollier wakachapisha utafiti wa katena ya Buganda: murramu juu ya kilele bapa, udongo mwekundu mteremkoni, udongo wa kijivu wenye mchanga chini, halafu kinamasi chenye mafunjo. Kijana wa Uganda anayesoma hili katika kitabu cha ng'ambo na ajue kwamba vilima hivi ndivyo vilivyowafundisha wengine.

Ila Milne alikuwa mwangalifu, nasi tuwe hivyo. Alisema kuna katena za namna mbili: kilima ambacho asili ya udongo ni moja kutoka juu hadi chini, na kilima ambacho miamba yake yenyewe inatofautiana. Loesi ya Mississippi ni ya kwanza. Vilima vyetu vingi ni vya pili.

Sasa tumefika kwenye jina. Wangapi hapa mmewahi kusoma jina refu la udongo mkaona ni mapambo? Nyoosheni mikono, msiogope. Naam, wengi.

Udongo wa Memphis, kwa mfumo wa Marekani, uko katika Hapludalfs za kawaida, familia ya silti laini, ya joto la kati. Kila kipande cha jina hilo kinadai ushahidi kutoka shimoni au maabara. Ili uingie katika oda, yaani kundi kuu, ya Alfisols, ni lazima uonyeshe tabaka la chini lililopokea mfinyanzi kutoka juu. Ndio ule utando tuliouona kwa lenzi. Na ni lazima kule chini udongo uwe na angalau asilimia 35 ya nafasi zake za virutubisho iliyojaa kalsiamu, magnesiamu na wenzake. Ikipungua, unahamia oda nyingine, Ultisols. Unyevu: katika mwaka wa kawaida udongo usikauke siku 90 kwa jumla. Silti laini: mfinyanzi kati ya asilimia 18 na 35, na mchanga usiokuwa ule mwembamba kabisa uwe chini ya asilimia 15. Joto: wastani wa mwaka, kwenye kina cha sentimita 50, kati ya nyuzi 15 na 22.

Sasa niwaulize. Tukipata Kapchorwa udongo wenye chembe zile zile, rangi zile zile, utando ule ule, tuuite Memphis? Hatuwezi. Kule kwao joto la udongo wakati wa baridi na wakati wa kiangazi linapishana sana. Kwetu halipishani hata nyuzi 6, na mfumo wenyewe unadai jambo hilo lionekane kwenye jina. Jina limebeba hali ya hewa ya kwao, na hali hiyo haikuvuka bahari.

Na mkiazima jina la mbali mnaazima na tabia za mbali. Mwaka 1863, katika vita vya wao kwa wao, mji wa Vicksburg, huko huko Mississippi, ulizingirwa kuanzia Mei mpaka Julai 4. Raia walichimba mapango kwenye vilima vya loesi, wakaishi humo mizinga ikilia. Loesi kavu husimama wima, huweza kukatwa kama ukuta. Lakini ikilowa sana au ikitikiswa, huanguka. Mwaka 1920 tetemeko la Haiyuan, China, liliporomosha vilima vizima vya loesi, na waliokufa katika janga lile walizidi 200,000.

Huko Elgon hali ni nyingine. Miteremko yetu ya Manjiya, huko Bududa, ina mfinyanzi mwingi na maji huingia ndani yakakwama. Watafiti waliosoma maporomoko ya eneo lile waliorodhesha pia ukataji wa mteremko kwa ajili ya viwanja vya nyumba na njia kuwa miongoni mwa mambo yanayouchokoza mlima. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi, Bududa. Kuna watu katika ukumbi huu waliozika ndugu. Kwa hiyo mtu akija na kitabu cha ng'ambo, akawaambia kata wima, udongo laini unasimama, mwulizeni: umechimba shimo hapa? Umeona maji yanasimama kwenye kina gani?

Niseme kidogo juu ya ramani, halafu nimalize. Ramani za udongo za Uganda zilizotokana na upimaji wa miaka ya 1950 na 1960 ni za kipimo cha 1:250,000. Sentimita moja ni kilomita mbili na nusu. Kilima kizima, pamoja na udongo wake wa aina nne kutoka kileleni hadi kinamasini, kinafunikwa na ukucha. Ofisi moja ya wilaya, sitaitaja, iligawa mbolea ya aina moja kwa kata nzima kwa sababu ramani ilionyesha rangi moja. Mama mmoja mwenye shamba mteremkoni alivuna vizuri. Jirani yake wa bondeni, mahindi yake yaligeuka manjano, maji yakiwa yamesimama sentimita 30 chini ya uso. Hakuhitaji mbolea kwanza. Alihitaji mtaro. Ramani haikukosea, maana ilitengenezwa kwa kazi nyingine, ya kuonyesha nchi kwa ujumla. Kazi ya kujua shamba la yule mama na la jirani yake ni yetu, mimi nawe, kwa jembe na kisu.

Mabwana shamba, mkulima atawasaidia kuliko mnavyodhani. Anajua mahali jembe linapogonga, mahali panapokauka mwisho, mahali ambapo babu yake hakulima na kwa nini. Mwulizeni kabla ya kuchimba, na majibu yake yaandikeni kwenye fomu ile ile yenye rangi na kina. Halafu mwiteni aingie shimoni. Mama mmoja wa Bududa alipoonyeshwa tabaka lake la juu, lililobaki unene wa vidole vinne tu, hakuhitaji semina ya mmomonyoko. Alianza yeye kutuuliza juu ya matuta na majani ya kupanda kingoni.

Kesho tunachimba mashimo matatu katika kilima kimoja: moja juu, moja katikati, moja karibu na kijito. Tutaondoka hapa saa moja asubuhi. Kila kundi lije na jembe, kisu, futi ya kupimia, chupa ya maji ya kukandia na daftari lisilolowa haraka. Vitabu vya rangi viko viwili tu, kwa hiyo makundi yatapokezana, na jua likipita saa kumi hatusomi rangi tena. Wenye kundi la tatu, la kijitoni, vaeni gambuti. Na katika fomu mtakazopewa, nafasi ya jina la udongo iko chini kabisa ya ukurasa wa pili. Iacheni wazi mpaka jioni, tukishakaa makundi yote matatu na kulinganisha mashimo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nafikiri kuna mikono kule nyuma.